Ripoti ilisema hakuna kitu: kisa cha saratani ya mirija ya nyongo iliyosukumwa na FGFR2

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya kujifunza. Utambulisho wa mgonjwa umeondolewa, na maelezo machache yasiyogusa tiba yamebadilishwa. Walengwa ni madaktari vijana, wafamasia, wauguzi na wanafunzi wa biolojia wanaotaka kuona njia ya ishara ya seli ikifanya kazi nje ya mchoro wa darasani.

Mgonjwa na dalili zake

Mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, hanywi pombe, hajawahi kuugua ini, vipimo vya homa ya ini B na C ni hasi. Alianza na maumivu mepesi chini ya mbavu za kulia, yakatibiwa kama vidonda vya tumbo kwa miezi 3. Alipopungua kilo 6 bila kujinyima chakula, akapigwa altrasaundi, kisha CT. Ukaonekana uvimbe wa sentimita 9 upande wa kushoto wa ini, vinundu 3 vidogo upande wa kulia, na tezi za limfu zilizovimba karibu na mlango wa ini.

Macho yake hayakuwa ya manjano, na hapa ndipo wengi hupotea. Mtu akisikia saratani ya mirija ya nyongo hungoja manjano. Manjano huja mapema pale ugonjwa unapoanzia kwenye mirija mikubwa, nje ya ini au kwenye makutano ya mirija. Ukianzia kwenye vijirija vya ndani kabisa ya ini, uvimbe huweza kufikia ukubwa wa ngumi bila kuziba njia kuu ya nyongo. Kipimo cha damu cha CA 19-9 nacho kilikuwa cha kawaida, na hatukukipa uzito: watu wapatao asilimia 5 hadi 10 hawana kimeng'enya cha kutengeneza alama hiyo, hata wawe na uvimbe mkubwa kiasi gani.

Kinyama kilichotolewa kwa sindano kilionyesha adenokasinoma, yaani saratani ya seli za aina ya tezi: alama za protini CK7 chanya, CK20 hasi, alama ya seli za ini hasi. Adenokasinoma ndani ya ini mara nyingi ni mgeni aliyetoka utumbo mpana, kongosho, titi au pafu, na hakuna rangi moja ya maabara inayoweza kusema bila shaka kwamba huyu ni mwenyeji wa mirija ya nyongo. Ikabidi tumtafute mgeni kwanza: kamera ya tumbo, kamera ya utumbo mpana, picha za matiti, CT ya kifua. Kote kulikuwa safi. Kikao cha wataalamu kikaamua kuwa ni kolanjiokasinoma, yaani saratani ya mirija ya nyongo, ya ndani ya ini. Upasuaji haukuwezekana, kwa kuwa vinundu vilikuwa pande zote mbili na tezi zilikwisha kuguswa.

Ripoti ya kwanza

Kinyama kilekile kilipelekwa kupimwa vinasaba. Jibu lilirudi na mstari mmoja kwa herufi nzito: hakuna mabadiliko yanayotibika yaliyoonekana. Tukauandika kwenye faili, na tangu siku hiyo kila aliyelifungua aliunakili. Ukurasa wa pili, ulioeleza kipimo kimefanywaje, haukusomwa na mtu. Uliandika kwamba kipimo kinasoma DNA katika sehemu teule za jeni zipatazo 50, yaani zile sehemu ambazo makosa ya herufi hujirudia mara kwa mara, na kwamba hakikuundwa kutafuta jeni zilizovunjika na kuungana na nyingine.

Tuliendelea na tiba ya mstari wa kwanza: dawa za kemotherapi jemsitabini na sisplatini, pamoja na durvalumabu inayoamsha kinga ya mwili. Dawa mbili za kwanza zilikuwa msingi wa tiba tangu jaribio la ABC-02 la mwaka 2010, ambapo wastani wa kati wa kuishi ulipanda kutoka miezi 8.1 kwa jemsitabini peke yake hadi miezi 11.7. Durvalumabu iliongezwa baada ya jaribio la TOPAZ-1. Ukitazama wastani wa kati tu, faida yake ni ndogo (miezi 12.8 dhidi ya 11.5). Ukitazama waliokuwa hai baada ya miezi 24, ni karibu asilimia 25 dhidi ya 10, na hiyo ndiyo sababu tuliyompa mgonjwa.

Uvimbe ulitulia kwa miezi 7. Mwezi wa 8 ulifika sentimita 11, na vinundu vipya 2 vikaonekana.

Swali la mgonjwa

Tulipomweleza kwamba dawa zimeshindwa na kwamba vinasaba vya uvimbe wake havikuonyesha pa kushika, alituuliza: "Daktari, mnasema hakuna kitu. Sasa huu uvimbe unakuzwa na nini?"

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko yote yaliyoulizwa kikaoni. Mtaalamu wa patholojia aliomba ripoti, akafungua ukurasa wa pili, akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba kwa mwanamke wa umri huu, asiye na kihatarishi chochote, mwenye saratani iliyoanzia ndani ya ini, jambo la kwanza kulitafuta ni muungano wa jeni ya FGFR2, yaani jeni hiyo kuvunjika na kuungana na nyingine, na ndilo hasa ambalo kipimo chetu hakina macho ya kuliona. Miungano hiyo hupatikana katika takriban asilimia 10 hadi 15 ya kolanjiokasinoma za ndani ya ini, na kwa nadra sana katika zile za mirija ya nje.

Kikao kiligawanyika. Wenzetu wawili walitaka tuanze mara moja mchanganyiko wa kemotherapi uitwao FOLFOX, kwa hoja kwamba uvimbe unakua na kila wiki ni mali. Wengine tulikumbusha kwamba katika jaribio la ABC-06 uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 5 tu ya waliopewa FOLFOX, na wastani wa kati wa kuishi ulipanda kutoka miezi 5.3 hadi 6.2. Mgonjwa alikuwa akitembea, anakula, na ini lilikuwa linafanya kazi. Tuliona anaweza kungoja kidogo ili apate jibu la kweli. Nyama iliyobaki kwenye kipande cha nta kinachoihifadhi haikutosha, basi akachomwa sindano ya pili, safari hii nyama ikapelekwa kusomwa RNA, yaani nakala ambayo seli huitoa kutoka kwenye jeni. Damu nayo ilitumwa kutafutwa DNA ya uvimbe, ingawa tulijua damu huona makosa ya herufi vizuri kuliko inavyoona miungano.

Damu ilirudi bila kitu. RNA ilirudi na FGFR2 iliyoungana na jeni nyingine, BICC1. Kuanzia siku ya swali hadi siku ya jibu zilipita wiki 6.

Kinachotokea ndani ya seli

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu yote yaliyofuata, pamoja na madhara ya dawa na kurudi kwa ugonjwa, yanasomeka kutoka mahali hapa.

FGFR2 ni kipokezi kilichopenya utando wa seli. Nje kina mikunjo 3 inayopokea protini za ukuaji za jamii ya FGF. Ndani kina kainesi, yaani kimeng'enya kinachochukua fosfeti kutoka ATP, molekuli ya nishati ya seli, na kuibandika juu ya protini nyingine. Kipokezi kimoja kikiwa peke yake kimelala. FGF inapofika, huvuta vipokezi viwili vikasimama ubavu kwa ubavu, na kila kimoja kikambandikia mwenzake fosfeti kwenye tairosini zake, yaani asidi za amino za aina hiyo. Hapo kainesi zote mbili huwaka.

Anayepokea ujumbe wa kwanza ni FRS2, protini inayokaa palepale chini ya utando. Ikibandikwa fosfeti, GRB2 hujishikiza kwake, naye huja na SOS. SOS huifanya RAS iachie GDP na kushika GTP. RAS iliyowaka huamsha RAF, RAF huamsha MEK, MEK huamsha ERK, na ERK huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kugawanyika, ikiwamo ile ya saiklini D1. Tawi la pili hupitia GAB1 kwenda PI3K na AKT, na kazi yake ni kuizuia seli isife. Njia hii ina breki zake, tena nyingi: ERK yenyewe hurudi nyuma kuidhoofisha FRS2, huamsha vimeng'enya vinavyobandua fosfeti, na kipokezi kilichotumika humezwa ndani ya seli na kuvunjwa. Katika seli ya kawaida ishara huwaka, hufanya kazi yake, huzimwa.

Sasa tazama muungano. FGFR2 na BICC1 zote zipo kwenye kromosomu 10. Kipande cha kromosomu kilikatika, kikageuka, kikajipachika upya. Jeni hugawanyika katika eksoni, vipande vyenye maelekezo ya protini, na introni zilizo katikati yake. FGFR2 ilibaki na kila kitu hadi mwisho wa kainesi (eksoni ya 17), ikapoteza mkia wa eksoni ya 18, na mahali pa mkia pakakaa sehemu ya BICC1. Sehemu hiyo ina tabia ya kushikana na nakala zake. Kwa hiyo vipokezi hujikuta wawiliwawili bila FGF yoyote kufika, na hubandikana fosfeti usiku na mchana. Zaidi ya hapo, mkia uliopotea ulikuwa sehemu ya breki. Kazi za maabara za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba kupotea kwa eksoni ya 18 peke yake kunatosha kuifanya FGFR2 kuwa msukumo wa saratani.

Angalia sasa kwa nini ripoti ya kwanza haikudanganya. Kainesi ya mgonjwa huyu ilikuwa nzima, na kila herufi iliyosomwa ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye kiungo, mahali ambapo jeni moja iliishia na nyingine ikaanza, na kiungo hicho kimo ndani ya introni ambayo kipimo kile hakikuifikia. Tena washirika wa FGFR2 ni wengi mno kutafutwa mmoja mmoja. RNA hurahisisha mambo kwa sababu introni zimekwisha kuondolewa, na viungo vya eksoni vinasomeka moja kwa moja.

Tiba inayolenga njia hiyo

Pemigatinibu hukaa kwenye shimo la ATP la FGFR1, 2 na 3. Iliidhinishwa Marekani Aprili 2020 kutokana na jaribio la FIGHT-202: kati ya wagonjwa 107 wenye miungano au mipangilio mipya ya FGFR2, uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 35.5 yao, na wastani wa kati wa muda kabla ugonjwa haujasonga ulikuwa miezi 6.9. Tulimpa mgonjwa takwimu hizo bila kuzipamba. Kabla ya kuanza alichunguzwa macho kwa kina pamoja na retina, kwa kuwa dawa za kundi hili zinaweza kukusanya maji chini ya retina. Dozi ilikuwa miligramu 13.5 kwa siku 14, kisha siku 7 za mapumziko.

Wiki ya 9 uvimbe ulikuwa umepungua kwa asilimia 28, wiki ya 18 kwa asilimia 46. Maumivu yaliisha kabla ya picha ya kwanza kupigwa.

Siku ya 8 fosfeti ya damu ilikuwa imepanda kutoka 1.1 hadi 2.4 mmol/L. Daktari mmoja mwanafunzi alidhani ni zile fosfeti zilizokosa pa kubandikwa. Wazo la kupendeza, lakini hesabu haiendi hivyo; fosfeti za kwenye protini za ishara ni chache mno kuonekana kwenye damu. Sababu iko kwenye figo. Mifupa hutoa homoni ya FGF23, na homoni hiyo, kwa msaada wa protini ya Klotho, hutumia hasa FGFR1 kuiambia figo imwage fosfeti kwenye mkojo. Dawa yetu haichagui: inazima FGFR2 ya uvimbe na FGFR1 ya figo kwa pamoja. Fosfeti ikipanda, dawa imefika mahali pake. Ilipovuka 2.26 alipewa sevelameri, dawa inayonasa fosfeti ya chakula tumboni, ya kumeza pamoja na chakula na orodha ya vyakula vya kupunguza.

Na hapo tukateleza. Hatukumwambia kwamba wiki ya mapumziko, dawa ikiisha mwilini, figo hurudi kazini, na sevelameri na mlo wa kujinyima lazima visimame pia. Aliendelea na vyote viwili kwa utiifu kabisa. Mwisho wa mapumziko ya pili alikuja miguu haina nguvu, fosfeti 0.6. Kosa lilikuwa letu. Kadi tuliyompa iliandika "kila siku".

Mwezi wa 5 kucha zilianza kunyanyuka na kuuma pembeni. Kwenye kituo cha karibu na kwake aliandikiwa itrakonazoli kwa kudhaniwa kuwa ni fangasi. Mfamasia wetu aliizuia kwa simu: itrakonazoli huzuia CYP3A4, kimeng'enya kinachovunja pemigatinibu, na dozi ileile ingekuwa kubwa ghafla. Usaha ulipopimwa ulikuwa wa bakteria. Macho yalipata ukavu tu.

Ugonjwa unarudi

Mwezi wa 11 wa pemigatinibu, kinundu kimoja cha upande wa kulia kilianza kukua huku vingine vimetulia. Safari hii damu ilisema mengi. Ilionyesha makosa mawili mapya ndani ya kainesi ya FGFR2, moja kwenye nafasi ya N550, jingine kwenye nafasi ya V565, kila moja kwa kiwango kidogo.

N550 ni sehemu ya kile ambacho wataalamu wa protini hukiita breki ya molekuli: ikibadilika, kainesi hulegea upande wa kuwaka. V565 iko mlangoni mwa shimo la ATP, na ikipata asidi ya amino kubwa zaidi, kidonge hakiingii vizuri. Makosa mawili kwa wakati mmoja maana yake ni kwamba koo tofauti za seli, yaani familia tofauti ndani ya uvimbe, kila moja kwa njia yake, zilikuwa zimepata jibu lilelile: kuirudisha FGFR2 kazini. Uvimbe haukuwa umehamia njia nyingine. Bado uliitegemea ileile.

Hiyo ndiyo iliyotufanya tusikimbilie FOLFOX. Tulichagua futibatinibu, ambayo hujifunga moja kwa moja na sisteini iliyo ukingoni mwa shimo hilo badala ya kuingia na kutoka. Katika jaribio la FOENIX-CCA2 ilisinyaza uvimbe kwa asilimia 42 ya wagonjwa 103, lakini hao hawakuwa wamewahi kupewa dawa ya FGFR, kwa hiyo hatukuitumia takwimu hiyo kumwahidi chochote. Tulichoegemea ni taarifa ya mwaka 2019 ya wagonjwa 4 walionufaika nayo baada ya dawa za kundi la kwanza kushindwa. Tulimweleza pia kwamba kosa la mlangoni, kutegemea limebadilika kuwa nini, laweza kuishinda na hii.

Ugonjwa ulitulia kwa miezi 6. Kisha kosa la V565 likapanda kwenye damu, na wiki chache baadaye picha zikathibitisha. FOLFOX ilitolewa mizunguko 3, mwili ukachoka, tukaisimamisha kwa makubaliano naye. Alifariki miezi 29 baada ya kinyama cha kwanza, akiwa nyumbani, maumivu yakiwa yamedhibitiwa.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema tulimpotezea mgonjwa miezi 8. Si kweli, na kukuza kosa hakusaidii kujifunza. Tiba ya kwanza ingekuwa ileile hata tungejua kuhusu muungano siku ya kwanza, kwa sababu pemigatinibu iliidhinishwa kwa waliokwisha kupata tiba nyingine. Tulichopoteza ni wiki 6 za kungoja jibu wakati uvimbe unakua, wiki ambazo zingekuwa zimekwisha kupita kimyakimya wakati wa mzunguko wa kwanza wa dripu. Sindano ya pili pia ingeepukika, kama nyama ya kwanza isingemalizwa kwa rangi nyingi za kumtafuta mgeni. Sasa tunatenga vipande vya RNA kabla ya rangi ya kwanza kupakwa.

Ripoti ile ilisema kweli kuhusu IDH1, jeni nyingine inayohusu saratani hii, ambayo makosa yake yako sehemu moja inayojulikana na kipimo kiliisoma vizuri. Kuhusu FGFR2 haikusema lolote. Sentensi moja ilibeba "nimetafuta sikuona" na "sikutafuta", na sisi tukazisoma zote kama "hakuna". Tumekubaliana na maabara kwamba kila jeni inayohusu saratani hii iandikwe kwenye mstari wake, pamoja na neno "haikupimwa" pale inapostahili.

Uamuzi wa kungoja ulifaulu, lakini tusijisifu mno: ulifaulu kwa sababu ini lilikuwa bado lina nguvu. Kwa mgonjwa ambaye bilirubini (rangi ya nyongo kwenye damu) inapanda kila wiki, wale wenzetu wawili wangekuwa sahihi. Kupima damu kabla ya kuchagua dawa ya tatu ndiyo hatua ninayoiona bora kuliko zote katika kisa hiki, maana bila makosa yale mawili tungedhani njia ya FGFR2 imekwisha kazi na tungeiacha. Kadi ya fosfeti imeandikwa upya, ina safu mbili, wiki za dawa na wiki ya mapumziko, na mfamasia humsomea mgonjwa kwa sauti.

Jambo moja bado linatugawa. Mwezi wa 11, kinundu kilichokua kilikuwa kimoja, chini ya sentimita 3, mahali panapofikika. Mtaalamu wa picha alipendekeza kukichoma kwa sindano ya joto na kuendelea na pemigatinibu kwa seli zilizobaki tulivu. Tulikataa kwa sababu damu ilionyesha koo mbili za usugu, na hatukujua ya pili imejificha wapi. Yeye husema mpaka leo kwamba tungepata miezi kadhaa zaidi na kuiweka futibatinibu akiba. Mimi nilipiga kura ya kukataa, na kila nikiitazama upya picha ile ya mwezi wa 11 huona kwa nini yeye hajabadili mawazo.